Kupasha Chakula cha Ba

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Nimeitwa juu, nyumbani kwa bosi, ghorofa iliyo juu ya duka. Tangu niajiriwe sijawahi kupanda ngazi ile. Nilidhani nimekosea ankara. Kumbe si ankara.

Bosi, Bwana Prakash, alikuwa amesimama jikoni kwake. Mkewe, Mama Vijaya, alikuwa kati ya makopo. Makopo ya stili, yanayong'aa, mezani, sakafuni, hata dirishani. Binti yao Ami amejifungua Dar kwa upasuaji, kabla ya wakati wake, na mtoto ni mdogo sana. Wanaondoka kesho alfajiri, wote wawili. Mama yake bosi hataki kwenda. Ba — ndivyo kila mtu anavyomwita, hata wapakia mizigo — ana miaka themanini na kitu. Gari linamtapisha. Na sala yake hawezi kuiacha peke yake, anasema, kana kwamba ni mgonjwa.

Kazi yangu: kila mchana nipande, nimpashie chakula kwenye maikrowevu, nimwekee pembeni kidogo cha jioni kikiwa bado baridi ndani ya friji, nishuke. Cha jioni binti wa jirani atakuja kubonyeza. Mama Vijaya amepika cha wiki nzima. Macho yake mekundu, hajalala.

Niliuliza, kwa sauti ndogo, kama si afadhali nimpikie Ba kitu kipya kila siku. Mama Vijaya akanieleza, bila ubaya. Ba hali chakula kilichopikwa na mkono wa nje ya nyumba. Hajawahi maishani. Hata harusini huenda na kopo lake. Lakini kupasha ni sawa. Kupasha si kupika. Mashine ndiyo inayopasha, mimi nabonyeza tu.

Kwa nini mimi? Sikuuliza, lakini bosi alijibu: "Wewe unasoma maelekezo kwanza. Mikidadi angebonyeza." Halafu akasema, "Nakuachia mama yangu, Zuleha," na akajaribu kutabasamu.

Mikidadi wa stoo alicheka mpaka akashikilia rafu ya mabomba. "Miaka mitatu chuoni, leo umekabidhiwa maikrowevu! Hongera, mhandisi."

Nimerudi nyumbani Bigwa na kijitabu cha mashine kwenye mkoba. Ba ni mwembamba kama ujiti wa udi. Mtu kama yule, tumbo likimchafuka siku moja tu — sitaki kumaliza sentensi hii.

Ijumaa, 4 Aprili 2025

Dirisha la jikoni kwa Ba linatazama mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za mwisho. Juu, penye mwamba, kuna uzi mweupe: maji yanaporomoka, lakini kwa umbali ule hayana sauti kabisa. Nilisimama nikiutazama. Nilimsahau Ba, nilisahau hata jina langu.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Mlima utapasha dengu?"

Kijitabu kinasema: usiweke chuma ndani. Lakini nyumba ile yote ni chuma! Makopo stili, sahani stili, vikombe stili. Nikafungua kabati na kuona bakuli la kauri, zuri mno, lina maua na ukingo wa dhahabu. Hili ni udongo, nikajisemea. Nikatia dengu, nikabonyeza.

Radi! Radi ndogo za bluu zilikimbia kuzunguka ukingo wa bakuli, zikilia tii-tii-tii. Nilifungua mlango wa mashine, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Kumbe ile dhahabu nayo ni chuma.

Sauti ya Ba ikatoka chumbani: "Unachomelea nini huko? Geti?"

"Hapana, Ba."

"Ukimaliza geti, lete dengu."

Mashine ni nzima. Nilipasha kwanza kikombe cha maji kuhakikisha. Halafu nikapata bakuli la kioo lisilo na urembo wowote, na nitatumia hilo hilo hadi kiama. Kikishapata moto ndipo namhamishia kwenye sahani yake ya stili. Alikula.

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Nimeanza kufunga sita za Shawali leo. Kwa hiyo siwezi kuonja. Najua wanaruhusu kugusisha ncha ya ulimi na kutema, lakini mimi nitameza, najijua. Kwa hiyo nilipima moto kwa kulishika bakuli. Lilinichoma vidole. Nikaridhika.

Ilikuwa khichdi — mchele na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikalegea — na ilikuwa imegandishwa. Ba alichota pembeni, akaitikia kwa kichwa. Akachota katikati. Akakomea hapo.

"Njoo hapa, binti. Hapa pembeni ni Dar es Salaam. Hapa katikati ni kileleni Uluguru. Mtu avae sweta humu."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikachukua sahani, nikairudisha yote kwenye bakuli la kioo, nikakoroga, nikaipasha tena pale pale mpaka ikafuka mvuke kutoka chini.

Jioni nimesoma mpaka macho yakauma. Maikrowevu haipashi kama moto wa jiko. Inapasha kama uvumi: nyumba hii unafika, ile unairuka. Kwa hiyo chakula kitandazwe, kisirundikwe, na katikati kiachwe kishimo. Kifunikwe, lakini mvuke upate pa kutokea. Nisimamishe safari katikati, nikoroge mpaka chini, nirudishe. Na mashine ikishalia nisikimbilie. Joto bado linatembea ndani, liachwe lifike. Kilichoganda kiyeyukie ndani ya friji tangu siku iliyotangulia, si juu ya meza. Na kibaya kuliko baridi ni vuguvugu — vuguvugu ni kitanda cha vijidudu.

Nilikuwa nimempa Ba kitanda cha vijidudu! Nimempigia simu binti wa jirani mara mbili. Anasema Ba mzima, anasikiliza redio.

Jumapili, 6 Aprili 2025

Duka limefungwa lakini nilikwenda. Leo sikufunga; mwezi bado mrefu.

Ba alikuja jikoni na kiti chake, akakaa mbele ya mashine. Nikazima taa ya dari bila kujua kwa nini. Mle ndani kukawa na mwanga wa njano, na bakuli likizunguka polepole, likizunguka, na mashine ikiimba ile noti yake moja. Nje mvua nyembamba. Nilihisi kama tuko ndani ya taa.

"Sinema ndogo," Ba akasema. "Haina hadithi, lakini inaisha vizuri."

Alizaliwa huku huku, juu Mgeta. Baba yake alikuwa na duka dogo la chumvi, mafuta ya taa na vitambaa. Asubuhi baridi ilikuwa kali, anasema, mpaka mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa na wanayaweka juani kama mgonjwa. Mama yake hakumruhusu mtu mwingine kugusa jiko. Kila kitu kingine kilikuwa kigeni kwake: mlima, lugha, hata mvua. "Akasema nchi tumeiacha, jiko tusiliache." Ba alisema hivyo akitazama bakuli likizunguka.

Halafu akanisalimia kwa Kiluguru, lugha ya kwetu. Nilijibu nusu, nikakwama. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe wa Mlali! Na mimi ndiye nikufundishe?"

Alikula nusu. Akasema kilichobaki nikiweke, kitapashwa tena jioni. Nikakusanya nguvu zote nilizonazo na kusema hapana, Ba. Kikishapashwa mara moja hakirudi tena kwenye mashine. Akanikazia macho yake yenye ukungu. Nyumba hii haitupi chakula, akasema. Nilikaa kimya. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kukaa kimya.

"Basi kula wewe."

Nikala, kwenye kigoda, karibu na miguu yake. Binzari, samli, jira. Mama Vijaya anapika kama mtu anayembembeleza mtoto.

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Sikukuu. Mvua. Nimepasha, amekula, nimeosha bakuli. Mlima haukuonekana kutwa. Nimefunga tena. Mtoto wa Ami yumo kwenye kisanduku cha joto, bado.

Jumanne, 8 Aprili 2025

Leo Ba amefunga. Ni siku yao ya kumi na moja tangu mwezi uandame. Hagusi mchele wala nafaka yoyote. Kwa hiyo tumefunga wote wawili, kila mtu kwa njia yake. "Mimi nakula ndizi, wewe huli hata upepo," akaniambia. "Mungu wenu mkali." Nikamwambia magharibi mimi nitakula mpaka sambusa. Akafikiri. "Mungu wenu ana akili."

Lakini umeme. Umekatika alfajiri na mvua kubwa; nguzo imelala huko barabarani, wanasema. Jenereta la nyumbani liko kwa fundi tangu mwezi uliopita. Friji kimya. Sikujua kuwa friji ina sauti mpaka ilipoacha kuwa nayo.

Nimemwomba Ba asiifungue. Ikifungwa hivyo baridi inakaa saa chache. Nilipanda kila nilipopata nafasi, naweka kiganja mlangoni kama daktari. Mchana. Alasiri. Umeme bado.

Mikidadi ananiona ninavyopanda na kushuka. "Dada, friji ni friji. Hata ikizimwa inabaki na baridi ya heshima."

Sikucheka. Wakati wa kutoka nyumba nzima ilikuwa giza, na Ba amewasha kipande cha utambi mbele ya miungu yake. Kesho asubuhi anafungua mfungo wake. Lazima afungue kwa nafaka, na lazima iwe kabla ya saa tatu na nusu. Imeandikwa kwenye kalenda yao ya ukutani. Anaisubiri khichdi, nimeona usoni. "Ile ya kopo la mwisho," akasema. "Yenye tangawizi."

Jumatano, 9 Aprili 2025

Naandika kwenye meza ya jikoni kwa Ba. Kalamu inateleza kwa jasho. Nikiacha kuandika nitalia, kwa hiyo naandika.

Nimefika mapema, ukungu umejaa barabara nzima, watu wanatokea ndani yake mmoja mmoja kama wanazaliwa. Umeme umerudi. Friji inaunguruma. Nikafungua — baridi! Makopo baridi, kila kitu mahali pake, taa yake inawaka kwa upole. Kana kwamba jana haikuwepo. Nilitaka sana kuamini hivyo. Nilisimama pale na baridi ikinipiga usoni, nikiamini, muda mrefu kidogo.

Halafu nikaona barafu. Vile vipande vilivyokuwa bakulini vimekuwa donge moja. Njegere za kugandishwa zimeshikana kama tofali. Viliyeyuka, vikaganda tena.

Nikamuuliza Ba umeme ulirudi lini. Feni ilianza kuzunguka alipotoka kuoga, alfajiri hii. Basi ni mchana mzima na usiku mzima.

Nikanusa kopo la mwisho. Linanukia tangawizi. Halina harufu mbaya hata kidogo! Hilo ndilo lililonitisha.

Nikampigia Mama Vijaya. Sauti imechoka, nyuma yake kuna mashine inalia pi, pi. Nikamweleza. Akasema pasha sana, Zuleha, mara mbili ya siku zote, moto unaua kila kitu. Mama lazima ale nafaka asubuhi hii, la sivyo mfungo wake umeharibika, na kwa umri wake amekaa tangu juzi usiku na ndizi tu. Nikaanza kusema lakini mama, wali — akaitwa na nesi. Simu ikakatika.

Wali, nilitaka kusema, una vijidudu vyake. Vikikaa kwenye joto vinaacha sumu. Moto unaviua vyenyewe, sumu haiuawi. Nimelisoma jambo hilo sehemu tatu tofauti. Ukipasha mpaka kesho, sumu inabaki.

Lakini mimi ni karani. Nimeagizwa.

Nikatandaza khichdi kwenye bakuli la kioo. Nikaacha kishimo katikati. Nikafunika. Nikabonyeza. Vizuri kabisa, kama nilivyojifunza. Mwanga wa njano, na bakuli likaanza kuzunguka, na ile noti moja ikaanza kuimba. Nikaiacha inibebe. Nikamwona Ba mle ndani — mdogo kama kidole, sari yake nyeupe, amekaa juu ya bakuli, anazunguka, anazunguka, ananiangalia kila akifika mbele.

Nikafungua mlango. Nikamwaga. Khichdi ile, na iliyobaki kwenye kopo, na dengu, na viazi vya binzari, kila kopo. Nilikwangua mpaka chini. Stili inapiga kelele ikikwanguliwa! Mtaa mzima umesikia.

Ba alikuwa mlangoni. Nywele bado mbichi.

"Unafanya nini?"

"Namwaga, Ba."

"Chakula cha mkwe wangu."

"Kimelala bila baridi, Ba. Kina sumu ambayo mashine haiwezi kuiondoa."

"Umeiona?"

"Hapana."

"Umeinusa?"

"Hapana, Ba."

"Basi umeisoma."

"Nimeisoma, Ba. Samahani."

Akatazama ndoo. Akatazama saa ya ukutani, kwa kuikaribia sana, maana haoni mbali. "Na sasa nile nini? Kijitabu?"

Nikasema nitakimbia kwa jirani, mama wa yule binti ni mtu wa kwao, atapika haraka. Akatikisa kichwa. Mkono wa nje ni mkono wa nje, akasema, hata ukiwa na bangili. Akakaa kwenye kiti chake, mbele ya maikrowevu iliyo tupu, mlango wazi. Alionekana amepungua. Akaweka mikono yake magotini na kuitazama ikitetemeka. Hajapika tangu Jaydeep, mjukuu wake mkubwa, alipokuwa shule ya msingi. Siku hizi hata kikombe hukishika kwa mikono miwili.

Nilisimama kando ya ndoo. Nimemkaidi mke wa bosi. Nimemwaga kazi yake ya usiku ambao hakulala, naye yuko kule na mjukuu aliye kwenye kisanduku. Na Ba asipokula na akianguka, mimi ndiye niliyemwaga. Na angekula na akaugua, mimi ndiye niliyebonyeza. Nilitafuta mlango wa tatu, sikuuona.

Ba ndiye aliyesema, bila kunitazama: "Mchele kopo la chini. Choroko kopo la pili. Nawa."

Nikanawa.

"Mpaka kwenye viwiko."

Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Akaja kwenye jiko la gesi. Akajaribu kiberiti mwenyewe. Njiti ikavunjika, na ya pili, na nyingine ikazima. Halafu akauchukua mkono wangu, akauweka chini ya wake, kama mtu anayevaa glovu upande usio wake. Vidole vyake ni vyepesi, vya baridi. Njiti ikawaka. Moto wa bluu ukazunguka duara lote.

"Nani amewasha?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi, nadhani. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye kona ya miungu.

Hivyo hivyo tukaosha mchele. Hivyo hivyo samli, jira, binzari: mkono wake juu, wangu chini. Alikuwa ananukia sabuni na udi. Nje ukungu ulianza kupasuka na kipande cha mlima kikatokea, kijani kibichi, hakijashikamana na kitu chochote, kinaelea tu juu ya mabati. Kwa muda sikuogopa.

Ikaja chumvi. Akaitia kwa kiganja chetu, akasita. Inatosha? Yeye hawezi kuonja. Chakula kinatolewa kwa Mungu kwanza, hakionjwi. Mimi nimefunga. Tukatazamana. Nyumba nzima haina wa kuonja! Ba akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu, na mimi nikacheka, na machozi yangu yakatoka humo humo kwenye kicheko. Nadhani hakuyaona.

Sasa sufuria iko motoni. Saa tatu na dakika kumi.

Simu imelia. Mama Vijaya. Kidole changu kilikataa. Ba akainyang'anya, akaipokea kwa sauti kubwa kama anavyopokea siku zote, akaanza Kigujarati. Sielewi hata neno. Mama Vijaya naye anasema, haraka haraka, sauti imepanda. Ba anasema, polepole. Katikati ya maneno yake nimesikia jina langu. Halafu Mama Vijaya naye amelitaja, kwa sauti nyingine. Sijui wameliweka upande gani.

Saa tatu na robo. Kifuniko kimeanza kurukaruka, povu linachungulia. Bado wanaongea. Ba ameshika simu kwa mkono wa kushoto, hageuki kunitazama. Mkono wa kulia ameunyoosha nyuma, hewani, vidole wazi. Anautaka wangu.